Leo Fender, Fundi Aliyeanza kwa Kutengeneza Redio

Kila mahali watu wachezapo dansi, kuanzia Kinshasa hata Dar es Salaam, sauti ya gitaa la umeme husikika. Wengi wetu twawajua wapigaji kwa majina yao, lakini ni wachache waulizao ni nani aliyekitengeneza chombo chenyewe. Safari hii nataka kuwasimulia wanafunzi wenzangu, pamoja na ndugu zetu wakubwa waliokwisha kutoka shuleni, habari za maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa katika jambo hilo. Mtu huyo ni Leo Fender wa Marekani. La kustaajabisha ni kwamba hakujua kupiga gitaa hata kidogo, tena alikuwa na jicho moja tu lenye kuona.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909, katika jimbo la California, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Jina lake kamili lilikuwa Clarence Leonidas Fender. Wazazi wake walikuwa wakulima wa michungwa, na mtoto akakua katikati ya miti, mapipa na vyombo vya shamba. Mkulima wa namna ile hakuweza kumwita fundi kwa kila kitu kilichoharibika. Ilimlazimu kutengeneza mwenyewe, na mtoto akawa anatazama.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, maradhi ya uvimbe yalimshika katika jicho la kushoto. Waganga wakaliondoa jicho lile, wakamtia jicho la kioo mahali pake. Mtoto mwingine angaliweza kukata tamaa. Huyu aliendelea na masomo yake, na baadaye, vita kuu ya pili ilipokuja na vijana wengi wakaitwa jeshini, yeye hakuchukuliwa kwa sababu ya jicho lile.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, mjomba wake aliyekuwa na duka la umeme wa motokaa katika mji wa Santa Maria alimpelekea sanduku lililojaa vipande vya redio vilivyotupwa, pamoja na betri. Kwa mtu mwingine sanduku lile lingekuwa takataka. Kwa kijana huyu lilikuwa shule. Baadaye alikwenda kumtembelea mjomba wake, akaiona redio iliyoundwa kwa mkono ikilia kwa nguvu mbele ya duka. Tangu siku zile hakuacha kushughulika na redio. Alipokuwa angali katika shule ya sekondari ya Fullerton alianza kutengeneza redio za watu nyumbani kwao.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1928. Pengine mngefikiri kwamba alikwenda kusomea ufundi wa umeme. Sivyo. Alikwenda katika chuo cha hapo hapo Fullerton kusoma uwekaji wa hesabu. Mambo ya umeme alijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Alijifunza piano na saksafoni pia, lakini gitaa hakujifunza.

Kisha alipata kazi katika kampuni ya barafu, na baadaye akawa karani wa hesabu. Siku zile kiongozi mmoja wa bendi alimwomba amtengenezee vyombo vya kupaza sauti kwa ajili ya dansi, naye akavitengeneza. Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky, kisha akapata kazi ya hesabu katika idara ya barabara ya California. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya shida kubwa ya fedha katika Marekani, na watu kwa mamilioni walikosa kazi. Naye akapoteza kazi yake. Akapata nyingine katika kampuni ya magurudumu ya motokaa, lakini baada ya miezi sita tu akaachishwa pamoja na makarani wenzake.

Hapo alikuwa mtu mwenye mke, asiye na kazi, na elimu aliyoisomea chuoni haikumpa tena mkate. Afanye nini? Mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton, akafungua duka la kutengenezea redio. Kazi aliyoifanya tangu utotoni kwa kujifurahisha ndiyo iliyomwokoa.

Basi duka lile lilikuwa mahali pa kuletewa kila kitu kilichonyamaza: redio, gramafoni, vipaza sauti, na amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti. Wapiga muziki wa pale California walimletea pia magitaa yao. Kila chombo alichokifungua kilimfundisha jambo. Aliona ni waya gani ukatikao upesi, ni mahali gani palipolehemiwa vibaya, na ni skrubu gani aliyoiweka mtengenezaji mahali ambapo bisibisi haifiki. Mtu akitengeneza vitu vya wenzake miaka mingi huanza kujiuliza kwa nini havikuundwa vizuri tangu mwanzo. Swali hilo ndilo lililomfanya Fender kuwa alivyokuwa.

Yafaa hapa tueleze kidogo jinsi gitaa la umeme lifanyavyo kazi. Chini ya nyuzi kuna kifaa kiitwacho pikapu, nanyi msidhani nasema motokaa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo hupita katika kamba ya waya hata kwenye amplifaya, nayo huukuza mpaka utoshe kuisukuma spika. Kwa hiyo nyuzi za nailoni hazifai kwa gitaa la namna hii, maana sumaku haizitambui.

Si kweli kwamba Fender alikuwa wa kwanza kuunda gitaa la umeme. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, wa huko huko California, walikwisha kuuza magitaa ya umeme mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wengine pia walijaribu. Lakini magitaa mengi ya umeme ya wakati ule yalikuwa ya sanduku lenye uwazi ndani. Yalipopigwa kwa sauti kubwa, sauti iliyotoka katika spika ililitikisa sanduku, sanduku likazitikisa nyuzi, na chombo kikaanza kupiga mayowe chenyewe. Tena yaliundwa kwa gundi na kazi ya mkono ya siku nyingi, na bei yake ilikuwa kubwa.

Wakati wa vita Fender alishirikiana na rafiki yake, Doc Kauffman, aliyepata kufanya kazi kwa Rickenbacker. Walitengeneza pikapu mpya, nao ili kuijaribu wakaunda gitaa la ubao mtupu usio na uwazi. Halikuwa na sura nzuri. Hata hivyo wapiga muziki walipolisikia walikuja kuliazima ili wakapigie dansi. Fender akatambua kwamba kile alichokifanya kwa majaribio tu kilikuwa na soko. Mwaka 1945 wawili hao walianza kuuza magitaa ya kulaza magotini, ya namna ya Hawaii, pamoja na amplifaya zake. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa, maana aliogopa kutia fedha zake zote katika biashara isiyo na hakika. Fender akabaki, akaiita kampuni yake kwa jina lake mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Lakini mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Kwanza aliliita Broadcaster, lakini kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zenye jina karibu na hilo, ikalalamika. Fender hakugombana. Kwa muda wafanyakazi walilikata jina hilo katika karatasi za kubandika, magitaa yakauzwa bila jina, mpaka lilipopatikana jina jipya mwaka 1951.

Gitaa hili watu wa zamani wa ufundi walilicheka. Walisema ni kipande cha ubao tu. Lakini tazameni akili iliyokuwamo. Shingo haikugandishwa kwa gundi, bali ilifungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika, mwenyewe huifungua na kuitia nyingine katika muda mfupi. Vitu vya umeme vimewekwa chini ya kifuniko, na ukifungua skrubu chache waviona vyote. Daraja, yaani mahali nyuzi zinapolalia, lina skrubu za kuinua na kushusha nyuzi, na za kuzirefusha na kuzifupisha. Fundi wa redio alikuwa ameunda gitaa kama redio inavyopaswa kuundwa: lifunguke, litengenezwe, lifungwe tena, lifanye kazi kesho.

Hata yeye alikosea. Alifikiri kwamba mti mgumu wa mepo, alioutumia kwa shingo, hauhitaji chuma ndani yake. Magitaa ya kwanza yakatoka bila chuma, na shingo nyingine zikapinda kwa mvuto wa nyuzi. Don Randall, aliyesimamia uuzaji, akamsihi abadili shauri. Fender hakupenda, lakini alikubali. Tangu mwisho wa mwaka 1950 chuma kiliwekwa ndani ya shingo, nacho chaweza kukazwa au kulegezwa.

Mwaka 1951 alitoa pia gitaa la besi la umeme. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba chombo kikubwa kuliko yeye mwenyewe, na sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Besi ya Fender ilivaliwa mabegani, na shingoni ilikuwa na freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoonyesha mahali pa kila sauti. Kila dansi mnayoisikia leo imesimama juu ya sauti hiyo.

Kisha mwaka 1954 ikaja Stratocaster. Katika kuiunda alisaidiwa na wengi: George Fullerton, Freddie Tavares aliyetoka Hawaii, na mpigaji Bill Carson. Wapigaji walilalamika kwamba kingo za Telecaster huwachoma mbavuni, basi ubao ukachongwa ufuate mwili wa mtu. Walilalamika kwamba nyuzi mbili zikilalia kitako kimoja hazilingani sawasawa, basi kila uzi ukapewa kitako chake. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa Fender. Kwa kuwa hakujua kupiga, hakuweza kujidanganya kwamba anajua kila kitu. Aliwapa wapigaji vyombo, akaenda kuwasikiliza mahali pa dansi, akarudi karakanani akabadili alichoambiwa. Wapigaji wengi wakubwa walitumia gitaa hilo, kama Buddy Holly, na Jimi Hendrix aliyelipiga kwa mkono wa kushoto baada ya kuzigeuza nyuzi zake.

Biashara ikakua. Kutoka duka moja ikawa majengo mengi, na wafanyakazi mamia. Lakini mwenye mali alikuwa mgonjwa. Kwa miaka mingi maradhi ya puani na kichwani yalimsumbua, wala hayakusikia dawa. Alidhani siku zake zimekwisha. Kwa hiyo, mwezi wa Januari 1965, kampuni ilinunuliwa na CBS kwa dola milioni 13. Aliyekopa dola 600 sasa alikuwa tajiri, lakini alikuwa ametengwa na kazi yake, kwani mapatano yalimkataza kushindana na kampuni ile kwa muda wa miaka kumi.

Baada ya kuuza, alimwendea daktari mwingine, naye akampa dawa iliyomponya. Fikirini, ndugu zangu. Mtu ameuza kazi ya maisha yake kwa kuwa anangoja kufa, kisha akapona. Wengi wangalikaa kitako, wakatumia fedha na kujuta. Wapigaji nao walikuwa wakinung'unika kwamba magitaa yenye jina lake hayakuwa mazuri kama zamani, na yeye hakuwa na amri juu yake tena.

Hakukaa kitako. Miaka ile ya katazo ilipokwisha, aliingia wazi katika kampuni ya Music Man, na mwaka 1976 ikatoka besi ya StingRay iliyosifiwa sana. Kisha pamoja na George Fullerton akaanzisha kampuni nyingine, G&L, katika mji ule ule wa Fullerton. Mwaka 1979 mkewe Esther alifariki. Mwaka 1980 alimwoa Phyllis. Uzeeni alishikwa na maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson, lakini aliendelea kwenda karakanani na kukaa mbele ya meza yake. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Kampuni aliyoiuza ilikuwa imekwisha kununuliwa na wafanyakazi wake mwaka 1985, na jina lake lingali katika vichwa vya magitaa duniani kote.

Sasa twaweza kupata faida gani sisi, ambao pengine tuna gitaa moja kuukuu katika chumba cha muziki, au nyumbani kwa kaka? Faida ni kwamba Fender alituachia chombo tuwezacho kukitunza wenyewe. Nitataja mambo machache.

Kwanza, nyuzi. Zikishika kutu hazilingani tena hata ukizikaza vipi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, maana jasho ndilo adui yake. Ukizibadili, badili moja moja, ili shingo isilegee ghafula.

Pili, shingo. Ubonyeze uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho, kisha utazame katikati. Pawe na nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi ngumu. Ikiwa nafasi ni kubwa, kaza chuma cha ndani. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, kilegeze. Usizungushe zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha ulinganishe nyuzi na utazame tena. Mwenye haraka huvunja, na chuma hiki kikivunjika ndani ya shingo ni msiba.

Tatu, urefu wa uzi. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya kumi na mbili, bila kuubonyeza, uupige, usikie sauti nyembamba kama kengele. Halafu uubonyeze mahali pale pale, uupige tena. Sauti mbili ziwe moja. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kitako nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila usogezapo, linganisha uzi upya ndipo upime. Gitaa lisilopimwa hivi laweza kuwa sawa karibu na kichwa, na kupotoka kabisa ukipiga juu, na mpigaji akalaumiwa bure.

Nne, umeme. Sauti ikikwaruza unapogeuza kifundo, aghalabu ni vumbi ndani ya kifundo. Kigeuze mara nyingi huku na huku, na ukipata dawa ya kusafishia vitu vya umeme, tia kidogo. Sauti ikikatika unapotikisa waya, tazama tundu la kuchomekea. Mara nyingi ni nati iliyolegea au lehemu iliyoachia, na mwenye chuma cha kulehemu aweza kuitengeneza kwa dakika chache.

Lakini hapa nawaonya. Umeme ulio ndani ya gitaa ni mdogo, haumdhuru mtu. Ndani ya amplifaya ni jambo jingine. Hasa zile za zamani zenye taa za kioo huhifadhi umeme mkali hata zikiwa zimechomolewa ukutani, nao waweza kuua. Usiifungue. Mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo. Fender mwenyewe alizifungua maelfu, lakini alikuwa amejifunza tangu utotoni, na hakufanya mzaha nazo.

Shuleni mara nyingine twagawana mafungu mawili: wenye vitabu na wenye mikono. Wa kwanza huwadharau wa pili, na wa pili huwacheka wa kwanza. Maisha ya Leo Fender yanapita katikati ya mafungu hayo. Alisoma hesabu, na hesabu zilimsaidia kuendesha biashara bila kufilisika. Alijua kulehemu waya, na waya zilimlisha wakati hesabu zilipokosa mwajiri. Aliwasikiliza wajuao kupiga, kwa kuwa yeye hakujua. Akipewa sanduku la takataka, alitazama kwanza kama kuna kitu ndani yake kinachoweza kufanya kazi tena. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama juu ya meza ya karakana kwa zaidi ya miaka hamsini, na sauti iliyotoka pale ingali yachezesha watu hata katika nchi zetu.